Mteja ni Nani? Taaluma ya Uwakili na Mahitaji ya Wadaawa Tanzania Bara, 1920–2021

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna taaluma ya uwakili ilivyoitikia mabadiliko ya mahitaji ya wateja katika Tanzania Bara, tangu kuanzishwa kwa Mahakama Kuu ya Tanganyika mwaka 1920 hadi mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya mahakama na mlango wa Mahakama ya Mwanzo ulipofunguliwa kwa mawakili. Hoja kuu ni kwamba katika kila kipindi taaluma hii ilibadilika kwa kumfuata mteja aliyetambuliwa na sheria na uchumi wa wakati huo: kwanza mfanyabiashara na mlowezi, kisha dola na mashirika yake ya umma, kisha mwekezaji. Mdaawa wa kawaida, ambaye shauri lake lilianzia barazani au katika Mahakama ya Mwanzo, alibaki nje ya hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka 90. Insha inahitimisha kwamba mabadiliko yanayodaiwa leo yatapimwa kwa swali moja: je, wakili anamfikia mdaawa huyu mapema, kwa lugha yake na kwa gharama anayoimudu?

1.0 Utangulizi

Neno "wakili" limekuwamo katika Kiswahili tangu kabla ya mahakama za kikoloni. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenzake ili alitende kwa niaba yake. Katika miji ya pwani neno hili lilitumika katika biashara, katika ndoa na katika usimamizi wa mali ya asiyekuwepo. Maneno "wakala" na "mwakilishi" yana shina hilohilo. Kwa maana hiyo ya awali, uwakili haukuhitaji joho wala cheti. Ulihitaji uaminifu baina ya aliyekabidhi na aliyekabidhiwa.

Uwakili unaojadiliwa hapa ni wa aina nyingine. Ni taaluma iliyowekewa mipaka na sheria, yenye orodha ya walioandikishwa, chama chake, kanuni za maadili na viwango vya ada. Taaluma ya namna hii ina tabia mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja inalinda ubora wa huduma kwa kuwazuia wasiofuzu. Kwa upande mwingine, kila uzio unaowekwa huacha watu nje, na hao walioachwa nje hawaachi kuwa na mashauri.

Mjadala wa sasa kuhusu mabadiliko ya taaluma ya sheria huzungumzia zaidi teknolojia na ushindani wa kibiashara. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, kusema kwamba "mahitaji ya wateja yamebadilika" bila kuuliza ni wateja gani wanaosemwa ni kuuanza mjadala katikati. Historia ya Tanzania Bara inaonesha kwamba mahitaji ya sehemu kubwa ya wananchi yamebadilika kidogo tu: ardhi, mirathi, ndoa, matunzo ya watoto, madeni na mashtaka ya jinai. Kilichobadilika mara kwa mara ni jibu la swali la nani ahesabiwe kuwa mteja.

Insha inahusu Tanzania Bara pekee, kwa kuwa Zanzibar ina mfumo wake wa mahakama na utaratibu wake wa mawakili. Mjadala unafuata mpangilio wa wakati, kisha unageukia wale waliojaza pengo lililoachwa na mawakili, na mwisho unapima mabadiliko ya kati ya mwaka 2017 na 2021.

2.0 Mahakama mbili, wateja wawili: 1920–1961

Chini ya utawala wa Kijerumani, mashauri ya Waafrika yalisikilizwa na mkuu wa wilaya au na maliwali na maakida waliokuwa chini yake. Vikao hivyo vilijulikana hata katika maandishi ya Kijerumani kwa neno lililochukuliwa kutoka Kiswahili, yaani "shauri". Neno hilo lilibeba maana mbili, jambo linalojadiliwa na kesi inayoamuliwa, na maana zote mbili zilikuwamo katika kikao kimoja.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, Amri ya mwaka 1920 ilianzisha Mahakama Kuu na kuingiza nchini sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mahakama hiyo pamoja na mahakama zilizokuwa chini yake zilifuata taratibu za Kiingereza na kuwapokea mawakili. Waliozitumia kwa mashauri ya madai walikuwa hasa walowezi, makampuni na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kizungu. Mawakili wenyewe walitoka katika jamii hizohizo, na ofisi zao zilikuwa Dar es Salaam, Tanga na miji mingine michache ya biashara. Mahitaji ya wateja wao yalikuwa mikataba, rehani, hati za viwanja na usajili wa kampuni, na taaluma ilijengwa kwa kipimo cha mahitaji hayo.

Kwa Waafrika walio wengi kulikuwa na mfumo wa pili. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, aliiweka sera ya utawala usio wa moja kwa moja kuwa msingi wa serikali yake. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilizitoa mahakama hizo katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala, rufani ya mwisho ikienda kwa Gavana mwenyewe. Jaji Mkuu wa wakati huo, Sir Alison Russell, alikuwa miongoni mwa waliopinga mwelekeo huo, kwa kuona kwamba kazi ya kutoa hukumu haipaswi kukabidhiwa kwa watawala. Upande wa Gavana ndio ulioshinda.

Katika mahakama hizo za wenyeji, mawakili hawakuruhusiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba sheria za kimila hazikuandikwa, kwamba mawakili hawakuzijua, na kwamba wangewachochea watu kushtakiana na kuwatatiza watemi kwa hoja za kiufundi. Hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Wakili aliyesoma London hakuwa na la kumfundisha mzee wa Bukoba kuhusu ardhi ya ukoo. Lakini katazo hilo lilikuwa na faida nyingine kwa mtawala. Ofisa aliyekuwa msimamizi wa kodi, polisi na mahakama kwa pamoja hakukabiliwa na mtu mwenye ujuzi wa kumuuliza amri yake ilitoka katika kifungu gani.

Mwaka 1954 ilitungwa Sheria ya Mawakili, na mwaka huohuo kilianzishwa kwa sheria Chama cha Wanasheria Tanganyika. Taaluma sasa ilikuwa na uzio kamili. Waafrika waliokuwa ndani ya uzio huo nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Taifa jipya lilirithi taaluma iliyokuwa na ustadi mkubwa wa kuwahudumia watu wachache.

3.0 Uhuru na kuunganishwa kwa mahakama: 1961–1967

Hatua ya kwanza ilihusu elimu. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilichunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na taarifa yake ya mwaka 1961 ilipendekeza mafunzo yatolewe katika nchi zenyewe badala ya kutegemea vyuo vya wanasheria vya London. Mwezi Oktoba mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiozidi 14, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Miongoni mwao alikuwemo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Kwamba chuo kilianza na sheria kabla ya udaktari au uhandisi kunaonesha jinsi upungufu huo ulivyoonekana kuwa wa hatari kwa dola changa.

Hatua ya pili ilihusu mahakama zenyewe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilifuta mgawanyiko wa rangi na kuunda ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu. Watemi waliondolewa katika kazi ya hukumu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na washauri wa mahakama, na lugha ya mahakama hiyo ilikuwa Kiswahili. Kwa kipimo chochote haya yalikuwa mageuzi makubwa.

Jambo moja, hata hivyo, lilivuka mpaka wa uhuru bila kuguswa: mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo. Katazo lilirudiwa katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Maneno yake yalifanana na ya zamani, lakini sababu ilikuwa mpya. Serikali ya kikoloni iliwazuia mawakili kwa kuhofia mamlaka yake. Serikali ya uhuru iliwazuia kwa kuhofia kukosekana kwa usawa. Ikiwa tajiri wa kijiji angeweza kumleta wakili kutoka mjini na jirani yake maskini asiweze, mahakama ingekuwa uwanja wa mwenye fedha. Ilionekana afadhali wote wawili wasimame peke yao mbele ya hakimu anayesema lugha yao.

Hoja hii inastahili heshima, na insha hii haiidharau. Tatizo lake ni kwamba ilisawazisha mahakama moja tu katika ngazi ya mahakama kadhaa. Katika rufani, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu hupima zaidi kumbukumbu zilizoandikwa chini. Shahidi ambaye hakuitwa, waraka ambao haukutolewa, na swali ambalo halikuulizwa katika Mahakama ya Mwanzo ni vigumu kuvirudisha. Baada ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuanzishwa mwaka 1979, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo lilihitaji pia cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba lina hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Hivyo wakili aliruhusiwa kuingia pale ambapo ukweli wa shauri ulikuwa umekwisha kufungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdaawa alinyimwa fundi wa kuziba ufa, akauziwa fundi wa ukuta.

4.0 Dola kama mteja: 1967–1985

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili ghafla msingi wa kiuchumi wa taaluma. Mabenki, bima na makampuni makubwa yalitaifishwa, na mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalichukuliwa na serikali. Wateja waliokuwa wakilipa ada za mawakili wa kujitegemea walipungua au kuondoka nchini, na mawakili kadhaa waliondoka pamoja nao.

Nafasi yao ilichukuliwa na dola. Mwaka 1970 lilianzishwa Shirika la Sheria Tanzania ili kuyahudumia mashirika ya umma, na wahitimu wengi wa Kitivo cha Sheria walipangiwa kazi serikalini, katika mahakama na katika mashirika hayo. Mwanasheria kijana wa miaka ya 1970 alikuwa mtumishi wa umma. Ustadi wake ulielekezwa kwenye sheria za utumishi, mikataba ya mashirika na utungaji wa kanuni. Taaluma ilikuwa imejirekebisha kwa kasi na kwa ufanisi, kwa sababu mteja mpya alikuwa na nguvu ya kuilazimisha.

Mwananchi naye hakusahaulika kabisa. Mwaka 1967 walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Sheria walianzisha Kamati ya Msaada wa Sheria, iliyotoa ushauri bila malipo. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai, iliyomwezesha mtuhumiwa asiye na uwezo kupewa wakili na mahakama. Kwa vitendo, msaada huo ulihusu zaidi mashtaka ya mauaji, na malipo ya wakili yalikuwa madogo mno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliwapeleka wanandoa wenye ugomvi kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliunda vyombo vingine vya ngazi ya chini ambavyo pia viliwafungia mlango mawakili. Kila mara dola ilipojenga chombo cha kumsogelea mwananchi, ilimjengea chombo kisicho na wakili. Taaluma, kwa upande wake, haikulalamika sana, kwa kuwa katika vyombo hivyo hapakuwa na ada ya kugombaniwa.

5.0 Mwekezaji kama mteja: 1986–2007

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yalirudisha soko, na soko likarudisha ofisi za mawakili wa kujitegemea. Ubinafsishaji wa mashirika ya umma, mabenki ya binafsi, uchimbaji wa madini, simu za mkononi na utalii vilileta kazi za aina mpya. Mwaka 1999 ilianzishwa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ili kuharakisha mashauri ya kibiashara. Mwitikio huu ulikuwa wa haraka na ulipangwa vizuri. Ulionesha kwamba mahakama na mawakili wanaweza kubadili taratibu zao ndani ya muda mfupi wanapoamini kwamba mteja hawezi kusubiri.

Katika kipindi hichohicho, kikosi kazi kilichoongozwa na Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wa zamani, kilitoa taarifa mwaka 1996 kuhusu hali ya sekta ya sheria. Miongoni mwa matunda yake ni mageuzi ya mafunzo ya vitendo. Kabla ya hapo mhitimu alipitia mwaka mmoja wa mafunzo chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008. Vyuo vikuu vinavyofundisha sheria viliongezeka, na baada ya muda idadi ya walioandikishwa katika orodha ya mawakili ikapita 10,000. Nchi iliyoanza na mawakili wa Kiafrika wa kuhesabika kwa vidole ilifikia hatua ya vijana wa sheria kulalamikia ukosefu wa kazi.

Hapa ndipo penye kitendawili cha kipindi hiki. Wanasheria wanakosa wateja, na wananchi wanakosa wanasheria, katika nchi moja na wakati mmoja. Kitendawili hiki hakielezwi kwa uchache wa mawakili wala kwa uchache wa mashauri. Kinaelezwa na umbo la huduma yenyewe: ofisi iko mjini, ada hutozwa kwa shauri zima, nyaraka ziko kwa Kiingereza, na kanuni za maadili zilizorithiwa Uingereza humzuia wakili kujitangaza, hata kwa mtu ambaye hajui kabisa kwamba tatizo alilonalo ni la kisheria.

6.0 Waliojaza pengo

Pengo lililoachwa na mawakili halikukaa tupu. Waliolijaza wanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni jamaa. Sheria iliyomzuia wakili ilimruhusu ndugu au mtu wa kaya ya mdaawa, kwa idhini ya Mahakama ya Mwanzo, kusimama kwa niaba yake katika shauri la madai. Uwakili wa maana ya zamani, ule wa kukabidhiana jambo kwa uaminifu, uliendelea kuishi chini ya sheria iliyoukataa uwakili wa maana mpya. Udhaifu wake unaonekana zaidi katika mashauri ya mirathi na ndoa, ambamo mara nyingi mpinzani wa mjane ni jamaa yule ambaye angemwakilisha.

Kundi la pili ni waandishi wa barua. Tangu enzi za ukoloni palikuwa na makarani na wenye mashine za kuchapa waliokaa karibu na boma au mahakama, wakiandika malalamiko na sababu za rufani kwa malipo madogo. Walitoa kile ambacho wakili hakukitoa, yaani kazi ya kipande kwa bei inayojulikana. Aliyehitaji barua alilipia barua tu.

Kundi la tatu ni wale ambao lugha ya mitaani imewapa jina la "vishoka", yaani wasio na sifa wanaojifanya mawakili. Hasara wanayoisababisha ni kubwa, na taaluma ina haki ya kupambana nao. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza kwa nini soko lao halifi. Kishoka hukutana na mteja nje ya uzio wa mahakama, husema naye Kiswahili, hutaja bei papo hapo na hupokea malipo kidogo kidogo. Anauza bidhaa mbovu kwa utaratibu ambao mteja anauhitaji. Kumkamata kishoka bila kuuiga utaratibu wake kwa njia halali ni kumfungulia njia kishoka mwingine.

Kundi la nne ni wasaidizi wa kisheria, na hili ndilo lenye matunda makubwa zaidi. Asasi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, zilitoa msaada wa kisheria na kuwafundisha wananchi wa kawaida misingi ya sheria ili wawasaidie wenzao vijijini. Kazi yao ilihusu hasa ardhi, mirathi na matunzo ya watoto. Uzito wa mashauri haya hauwezi kudharauliwa. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeyabatilisha mauzo kwa kufuata mila, na Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo. Jaji alishikilia kwamba kumnyima mwanamke haki ya kuuza aliyonayo mwanamume ni ubaguzi uliokatazwa na haki za binadamu zilizokwisha kuingizwa katika Katiba. Mojawapo ya hukumu mashuhuri zaidi katika historia ya haki za wanawake nchini ilianzia, kama mashauri mengine ya aina yake, mahali ambapo wakili hakuruhusiwa kuingia.

7.0 Milango inafunguliwa: 2017–2021

Kati ya mwaka 2017 na 2021 mambo manne yalitokea kwa kufuatana.

La kwanza ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1969. Kwa mara ya kwanza msaidizi wa kisheria alitambuliwa na kusajiliwa. Anaweza kuelimisha, kuelekeza na kumsaidia mwananchi kuandaa nyaraka, lakini haruhusiwi kutoza ada wala kumwakilisha mtu mahakamani.

La pili ni teknolojia. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki, na mwaka 2019 ilizinduliwa Mahakama Inayotembea, ambayo husikiliza mashauri ndani ya gari lililoandaliwa kwa kazi hiyo katika Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki katika miji kadhaa, kile cha Temeke kikihusika na mashauri ya familia, yakiwemo ya mirathi na ndoa.

La tatu ni lugha. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zepharine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu Musoma. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa hali maalumu ambapo haki inakihitaji. Kabla ya hapo, katika mahakama za juu ya ile ya Mwanzo, mdaawa aliweza kueleza shauri lake kwa Kiswahili, akasikia likiandikwa kwa Kiingereza, kisha akapewa hukumu ambayo ilimlazimu kumlipa mtu amsomee.

La nne ni kufunguliwa kwa Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya mwaka huohuo wa 2021 yaliwaruhusu mawakili kuingia pale mahakama hiyo inapoongozwa na Hakimu Mkazi. Katazo lililoanza chini ya Cameron likafikia mwisho, angalau katika mahakama hizo.

8.0 Mjadala: nini kinapaswa kubadilika

Kufunguliwa kwa mlango si sawa na kuingia. Ikiwa wakili ataingia Mahakama ya Mwanzo na mazoea ya Mahakama Kuu, yaani mapingamizi ya awali, maombi ya kuahirisha na ada ya shauri zima, basi hofu ya waliotunga sheria ya mwaka 1963 itathibitika. Mwenye uwezo atakuja na wakili, asiye nao atasimama peke yake, na usawa ule hafifu uliokuwepo utakuwa umepotea bila kupatikana kingine. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zisiruhusu ufundi wa taratibu uizidi haki. Mawakili nao wanapaswa kujiona kuwa chini ya wajibu huo.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mabadiliko matatu yanajitokeza kuwa ya lazima. Kwanza, wakili aingie mapema. Thamani yake kubwa kwa mdaawa iko kabla ya ushahidi kufungwa: kumwambia ni shahidi gani aitwe, waraka gani utolewe, na wakati mwingine kumshauri asifungue shauri kabisa. Pili, huduma igawanywe. Ushauri wa saa moja, uandishi wa hati ya madai, au kupitia wosia viwe na bei inayojulikana, kama mwandishi wa barua alivyofanya karibu na boma. Tatu, wakili na msaidizi wa kisheria waunganishwe. Msaidizi anaishi na wananchi lakini hawezi kusimama mahakamani, na wakili anaweza kusimama mahakamani lakini hakai kijijini. Kila mmoja ana kile mwenzake anachokosa.

Lugha inayaunganisha yote matatu. Kitivo cha Sheria kilianza kushughulikia istilahi za sheria kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, lakini ufundishaji wenyewe uliendelea kuwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni wakili anayemwelewa mteja kwa Kiswahili, akafikiri juu ya shauri kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa kulieleza tena kwa Kiswahili mbele ya mahakama. Marekebisho ya mwaka 2021 yatabaki maandishi tu iwapo vyuo havitafundisha uandishi wa hati, hoja na hukumu kwa lugha ambayo mteja ataisoma mwenyewe.

Inaweza kupingwa kwamba madai haya yanampunguzia wakili kipato katika soko ambalo tayari limejaa. Historia inaelekeza kinyume. Soko lililojaa ni lile la mjini. Mashauri ya Mahakama ya Mwanzo hayajawahi kuwa soko la wakili, kwa kuwa sheria ilimfungia nje. Taaluma iliyojifunza kuandika mikataba ya madini ndani ya miaka michache haiwezi kushindwa kujifunza kutoa ushauri wa mirathi kwa bei ya wastani, ikiwa itaamua kwamba mjane naye ni mteja.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba taaluma ya uwakili Tanzania Bara si taaluma isiyobadilika. Ilibadilika mwaka 1967 dola ilipokuwa mteja, na ikabadilika tena miaka ya 1990 mwekezaji alipokuwa mteja. Katika nyakati zote mbili mabadiliko yalitokea haraka kwa sababu mteja alikuwa na uwezo wa kudai. Mdaawa wa Mahakama ya Mwanzo hakuwa na uwezo huo, na katazo lililowekwa kwa hofu ya mtawala, kisha likatetewa kwa nia ya usawa, lilimwacha atafute msaada kwa jamaa, kwa mwandishi wa barua, kwa kishoka na, hatimaye, kwa msaidizi wa kisheria.

Sheria za mwaka 2017 na 2021 zimeondoa visingizio vitatu vya zamani: kwamba msaidizi wa kisheria hatambuliki, kwamba lugha ya mahakama si ya mwananchi, na kwamba mlango wa Mahakama ya Mwanzo umefungwa. Kilichobaki ni uamuzi wa taaluma yenyewe. Utafiti zaidi unahitajika, hasa katika majalada ya Mahakama za Mwanzo, ili kupima iwapo mashauri yenye wakili tangu mwanzo yanaisha mapema zaidi na kwa rufani chache zaidi kuliko yale yasiyo naye. Majalada hayo ndiyo yatakayoonesha iwapo mlango uliofunguliwa umepitwa na waliokuwa wakiusubiri.